MJADALA: Wahudumu wa hospitali wapimwe kingamwili za korona, au pesa ziende kwenye barakoa na glavu?

Wenzangu wauguzi na wadau wote, nalileta hili sasa tukiwa na nafasi ya kufikiri. Mwaka 2020 tulibishana huku tunakimbia.

Kati ya Julai na Desemba mwaka huo, watafiti walipima damu za wahudumu wa afya 684 hapa Kenya kutafuta kingamwili za korona, yaani chembe za kinga ambazo mwili huzitengeneza ukikutana na kirusi au chanjo. Nairobi walizipata kwa asilimia 43.8, Busia 12.6, Kilifi 11.5. Chanjo ilikuwa haijafika. Ilitua Machi 2021. Kwa hiyo kingamwili hizo zilitokana na maambukizi yenyewe. Kipimo cha puani (PCR) kisingewaona wote hao, kwa sababu humnasa mtu akiwa bado na kirusi, ilhali kingamwili hukaa kwenye damu kwa miezi.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: baada ya kuzingatia umri, jinsia na mahali, kada ya mtu, yaani aina ya kazi yake hospitalini, haikuleta tofauti. Nilikokuwa nafanya kazi, barakoa za N95, zile zinazochuja hewa vizuri zaidi, zilikuwa zikifungiwa kabatini, na zikitoka zinaanza kwa madaktari, kisha sisi wauguzi. Mama wa usafi, anayebeba mashuka na kupangusa matapishi, alipewa barakoa ya kitambaa aifue mwenyewe nyumbani. Tuliamini tunawakinga walio hatarini zaidi. Tuligawa kwa vyeo, na hatukuwa na kipimo chochote cha kutukosoa.

Msimamo wangu: wahudumu wote wapimwe mara kwa mara, vibarua wakiwemo.

Jibu la kwanza

Dada, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Kipimo hakimkingi mtu. Pesa hizo ninunulie glavu. Halafu unajua kitakachotokea: msimamizi akiona jina langu lina kingamwili, ataniambia, "Wewe ushaugua, ingia wodi ya korona." Aprili 2020 WHO ilionya kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa kuwapa watu vyeti vya kinga kwa sababu tu wana kingamwili. Na hata ukitaka kudai fidia, utathibitishaje kwamba uliambukizwa kazini? Mwezi Novemba 2020, wakazi wa kawaida wa Nairobi waliopimwa walikuwa na kingamwili kwa asilimia 34.7. Labda uliipata kwenye matatu. Isitoshe, siku hizi tumechanjwa, kila mtu atakuwa nazo.

Mleta mada

Kaka, la chanjo lina jibu. Chanjo ya AstraZeneca huufundisha mwili kuitambua protini ya mwiba, ile ya nje ya kirusi, peke yake. Ukipima kingamwili za protini ya ndani ya kirusi, nyukliokapsidi, unamtambua aliyeambukizwa kweli. Kwa waliochomwa Sinopharm njia hiyo haifai, maana chanjo yao ina kirusi kizima kilichouawa. Hapo nakubali.

La msimamizi linaniuma kwa sababu ni la kweli. Ndiyo maana nasema majibu yaende kwa mhudumu mwenyewe, uongozi upewe hesabu ya idara tu, bila majina. Atakayetaka kudai fidia chini ya sheria ya mwaka 2007 ya majeraha na magonjwa ya kazini, atalitoa jibu lake kwa hiari yake.

Na matatu je? Kumpima mtu mara moja hakuwezi kutenganisha matatu na wodi, hapo umesema kweli. Lakini tukitoa damu siku ya kuajiriwa, kisha kila baada ya miezi mitatu, na watu wanane wa wodi moja ambao hawakuwa na kingamwili wakawa nazo wote ndani ya kipindi kimoja ilhali idara jirani haijabadilika, hapo uongozi utalazimika kukagua madirisha na zamu za wodi ile. Glavu unazozitaka, kaka, zitajulikana zipelekwe wapi.

Mlioko maabara za kaunti, naomba mtuambie: friza mlizonazo zinaweza kutunza sampuli za mwaka mzima, umeme ukikatika itakuwaje?