Naomba ushauri: begi la mashindano ya karate, gi (sare ya karate) moja au mbili?

Habari zenu wakuu. Mwanangu wa miaka 13 anaingia mashindano yake ya kwanza, kata (kuonyesha mitindo peke yake) na kumite (kupigana na mpinzani) siku moja, na mfungaji begi ni mimi.

Vya lazima vipo: mkanda mwekundu na wa bluu, glavu za rangi zote mbili, kinga za ugoko na mguu, pamoja na kinga ya meno, ambayo tumeshaichemsha akaing'ata na imekaa sawasawa. Nimemuuliza mwalimu wake, akajibu "vifaa vyote", basi. Haya.

Kinachonichanganya ni gi. Ya kata ni nzito, ile ngumu ambayo mkono wa nguo unalia akipiga ngumi. Kwenye kumite analalamika inamchosha na jasho linabaki humohumo. Ya mazoezi ni nyepesi, ila ukosi umeanza kufumuka na naogopa mwamuzi ataikataa.

Je, abadilishe gi baada ya kata, au atachelewa kuitwa ulingoni? Na pambano likiisha, huku akisubiri linalofuata, mnamvalisha nini juu asipoe misuli?

Mliowahi kushinda kwenye kumbi hizo kutwa nzima, nisaidieni tafadhali.