UZI: Uliyewahi kusafiri kwenda Ulaya kaskazini kipindi cha baridi ukitokea Kigoma au Tabora, tupeane uzoefu

Mama Mwanga
Habari zenu wadau. Mimi nipo Kigoma, Mwanga. Binti yangu yupo Stockholm, Sweden, anatarajia kujifungua mwanzoni mwa mwezi wa 12, ni uzao wake wa kwanza na lazima niwepo nimkande kwa maji ya moto na nimpikie uji, siwezi kumuacha peke yake ugenini. Sijawahi kupanda ndege zaidi ya hii ya Kigoma Dar. Nataka nibebe dagaa, asali na unga wa uji, vitafika kweli? Nielekezeni kuanzia viza mpaka nguo.

Wa Kibirizi
Shikamoo mama, hongera ya kupata mjukuu. Viza anza sasa hivi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, majibu kawaida siku 15 ila wakitaka kukuchunguza zaidi inaenda mpaka 45. Ada ni euro 90, bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, na pasi iwe na angalau miezi 3 mbele ya siku utakayotoka kule. Alama za vidole huwezi kumtuma mtu, unaenda mwenyewe, kwa hiyo weka kwenye bajeti safari mbili za Dar, moja ya viza na moja ya kuondoka. Halafu cheti cha kuzaliwa cha binti kikague herufi kwa herufi na pasi yako, mimi jina la baba lilikuwa na "y" kule na "i" huku, nikatumia wiki mbili kuhangaikia kiapo.

Mtoto wa Isevya
Mama yangu, mimi safari iliyonitoa jasho ni ya Tabora Dar. Ndege ilikuwa saa kumi alfajiri nikaona nikitoka jana yake asubuhi nawahi tu, basi likakata shafti tumeipita Itigi kidogo, kiza kinaingia, fundi akafika kesho yake saa tano, mimi nimekalia begi pembeni ya lami simu ina asilimia 9 na tiketi imo humo humo kwenye simu. Nilivyofika Dar ndege ilishaondoka jana na kumbe ukikosa ya kwenda bila kutoa taarifa na ya kurudi wanaifuta, nikalipa upya karibu nauli nzima, hela ya mahindi ya msimu mzima ile. Siku hizi natoka siku 3 kabla, basi mpaka Dodoma, pale nachukua treni ya SGR. Na wewe ukichukua ndege ya Kigoma Dar kwa tiketi ya peke yake, ile ya nje haikusubiri hata dakika moja, nakuomba ulale Dar siku mbili.

Bint Ujiji
Shkamoo mama. Koti zito usiliweke kwenye begi kubwa!! Mimi nilipitia Istanbul, masaa 7 hivi kutoka Dar halafu matatu na nusu tena, nikatoka mlangoni Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, na kitenge na viatu vya wazi, koti limo kwenye begi na begi limebaki njiani. Ile hewa ya kwanza inaingia puani kama umevuta pilipili, machozi yanatoka yenyewe. Begi lilikuja siku ya pili. Beba mkononi koti, soksi nene, kofia, na dawa zako zote.

Mwezi wa 12 jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa tisa kasoro mchana limeshazama. Wiki ya kwanza nilikuwa napika chakula cha usiku saa kumi nikidhani nimechelewa, nikawa nalia tu bila sababu. Toka nje kila siku ile mchana, hata nusu saa, msukume mtoto kwenye kigari. Na hela ya noti isikupe moyo, dereva wa basi la mjini haipokei, binti akuandalie kadi.

Mrina asali
Nyama na maziwa usiguse, hata maziwa ya mgando kidogo, watachukua. Asali wanaruhusu kilo 2 kwa mtu, na asali ni nzito mama, lita moja inakaribia kilo moja na nusu, dumu la lita mbili limeshapitiliza. Iweke begi la chini, mkononi kimiminika mwisho mililita 100. Samaki wa kula mwenyewe mpaka kilo 20, dagaa wakaushe vizuri na uwafunge nailoni tatu. Unga wa uji hauna shida. Embe acha, matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, ndizi na nanasi ndo hazina kikwazo.

Mama Mwanga
Nawashukuru wanangu, Mungu awalipe. Nimetoa cheti cha binti sasa hivi nikalinganisha na pasi, jina langu la katikati halipo. Jumatatu naanzia RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa.