Jozani: matuta yaongezwe au zifungwe kamba juu?

MwenyeMada: Barabara ya kusini Unguja inapopita msitu wa Jozani iliwekewa matuta manne. Kabla yake kima punju (yule mwekundu wa Unguja) mmoja alikuwa akigongwa kila wiki mbili tatu. Baadaye ikawa mmoja kwa wiki sita hivi. Nafuu ipo, ila bado wanakufa. Tuongeze matuta, au tufunge ngazi za kamba juu ya lami?

GariYaMakunduchi: Tuta likijengwa fupi na kali, dereva hulikwepa kwa kupandisha tairi ukingoni, na ukingoni ndipo kima anapongojea kuvuka. Tuta la haki lina kimo cha sentimita 7 hadi 10 na upana wa mita tatu na nusu hivi, na rangi ipakwe upya kila masika ikiisha. Usiku tuta lisilo na rangi halionekani mpaka ulipande. Halafu hao mnaowalilia wanamaliza vitale, nazi changa za watu, vijiji vya Pete na Kitogani. Mbona mkulima hawekewi tuta?

Koroma: Vitale? Yakhe, kima punju hali kitale. Anakula kidaka, kabla kifuu hakijaanza kukaza. Upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: mtoto wa chuoni anaijua safu hiyo ya kukua kwa nazi.

GariYaMakunduchi: Kidaka kikiliwa, hicho kitale kitatoka wapi? Kwa babu yako?

Koroma: Babu yangu muache alale. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea, na vingi huanguka wenyewe bila kuguswa. Anachokichuma kima aghalabu ni katika hivyo vya kuanguka. Miaka ya 90 ilifanywa hesabu huku huku Jozani, na minazi iliyoliwa sana haikukutwa na mavuno haba. Kama nakumbuka sawa, ilizidi.

BintiMnazi: Hesabu hiyo kila mtu anaitaja, hakuna anayeiuliza. Huenda kima wanajazana penye minazi iliyonona tangu mwanzo, si kwamba wanaipogoa ikanona. Ukitaka kujua, chukua minazi ya umri mmoja kwenye udongo mmoja, nusu izuie kwa bati shinani na ukate makuti yanayogusana na miti mingine, maana kima huruka. Kisha hesabu nazi za kila mwangusho, yaani kila zamu ya kuangua, kwa mwaka mzima. Mwangusho mmoja hauthibitishi kitu.

Na kabla ya kumtaja mwizi, okota kilichoanguka ukitazame. Kilichotobolewa tundu la mviringo karibu na kikonyo ni kazi ya panya. Chenye makovu ya kahawia yaliyopasuka na utomvu ulioganda ni kunguni wa mnazi, na huyu huangusha vidaka vingi kwa kimya kimya. Cha kima kina alama za meno. Makuti yaliyokatwa kama kwa mkasi ni mdudu chonga, hahusiani na kima wala panya.

Shehia_Moja: Kwa kunguni dawa ni maji moto, wale chungu wakali wa mitini. Pakiwa na kiota juu ya mnazi kunguni hakai. Tatizo ni sisimizi wa chini, wanapanda na kuwafukuza. Funga kamba au fito kutoka mnazi hadi mnazi ili maji moto wapite juu kwa juu bila kugusa ardhi.

GariYaMakunduchi: Mkwezi akipanda mnazi wa maji moto anashuka bila shati. Hilo hulisemi.

Shehia_Moja: Apande alfajiri na baridi, na ajipake jivu mikononi. Wakwezi wanajua.

Koroma: Turudi kwa kima. Watu wanachanganya kima wawili. Yule wa kijivu ana dole gumba na vifuko mashavuni, ndiye anayebeba ndizi mbivu na mahindi. Punju hana gumba la maana, hana vifuko, na tunda bivu tumbo lake haliliwezi. Anataka majani machanga na vitu vibichi. Hata mkaa anaokota jikoni, unamsaidia dhidi ya sumu ya majani ya miembe na mikungu. Anashitakiwa kwa makosa ya jirani yake.

BintiMnazi: Sawa, lakini kidaka hukukikana. Wenye mashamba wana umoja wao, UWEMAJO, na una fungu katika kiingilio cha wageni. Ubishi wa kweli ni mgao: kwa eka, au kwa idadi ya minazi inayoliwa? Mwenye eka tatu za vichaka na mwenye minazi arobaini wakipata sawa, huyo wa pili lazima aseme “vitale”.

GariYaMakunduchi: Ahsante bibie. Angalau mmoja kanifahamu.

Koroma: Kakufahamu, ila bado ni vidaka.

Mikandaa: Nimjibu mwenye mada, maana kaachwa njiani. Kamba moja haifai, punju haning'inii akatambaa. Iwe ngazi ya upana wa sentimita 30 na zaidi, juu kuliko lori lililosheheni, ifungwe kwa mkanda unaolegezwa kila mwaka, sio msumari unaoua mti. Nailoni hulika kwa jua, ikaguliwe kila kaskazi na kila kusi. Nafuu zaidi ni kuacha kukata matawi mpaka miti ya pande mbili ishikane, ila penye nyaya za umeme haiwezekani.

MwenyeMada: Kwa hiyo tunakubaliana ni kamba?

Shehia_Moja: Kamba ipi? Ya maji moto?