Mechi ya sita leo usiku: Edmonton anageuza au kombe linabaki Florida?

MgumuWaMachame (Moshi), Jumanne jioni, Juni 2025

Wakuu habari za jioni. Najua humu ndani tunaongea Simba na Yanga na usajili, ila leo naomba mnivumilie niongee hoki ya barafu, maana usiku wa leo saa tisa inapigwa mechi ya sita ya fainali ya Stanley Cup, lile kombe la ligi ya NHL ya Marekani na Kanada, Florida Panthers na Edmonton Oilers, na mimi toka asubuhi hata chakula hakishuki vizuri. Florida anaongoza 3-2. Anayefikisha ushindi wa 4 ndio bingwa, kwahiyo Florida akishinda leo pale kwake imeisha, Edmonton akishinda wanarudi Kanada kupiga ya saba Ijumaa, huku kwetu itakuwa kuamkia Jumamosi.

Mtu wa Pasua kajuaje hoki? Mwaka jana mwezi wa sita nilipandisha Kilimanjaro wageni wawili wa Edmonton, mtu na mdogo wake, njia ya Machame. Kila jioni kambini ni hoki tu, wananisimulia walivyokua, baba yao wakati wa baridi alikuwa anamwaga maji uwanjani nyuma ya nyumba, asubuhi imeshakuwa barafu wanacheza hapohapo mpaka giza. Timu yao ilikuwa imefungwa mechi tatu za kwanza za fainali, ikarudisha zote tatu ikawa 3-3, na mechi ya saba ikaangukia usiku uleule tunaotoka Barafu Camp kwenda kileleni. Tumetembea usiku kucha wanaulizana tu itakuwaje. Tumefika Stella Point, pale ukingoni kabla ya kilele, kunakaribia kupambazuka simu ikashika mtandao, wamefungwa 2-1, na aliyewafunga ni huyuhuyu Florida. Yule mkubwa akakaa chini akalia, mimi nikajua mlima umemshika, nikaanza kumuuliza kichwa kinauma, unaona vizuri, akanionyesha simu. Tulienda mpaka Uhuru lakini hata picha hakutabasamu. Siku ya kuagana getini akanivua kofia yangu akanivalisha ya kwake ya Oilers, ile ya bluu na rangi ya chungwa. Toka siku hiyo hii timu ni ya kwangu.

Sasa mtazamo wangu. Watu wanasema shida ni kipa, wengine wanasema nyota wetu McDavid hafungi vya kutosha, mimi naona shida ni kipindi cha kwanza. Hoki ina vipindi vitatu vya dakika 20. Angalieni mechi tatu zilizopita, ya tatu kipindi cha kwanza Florida 2-0, ya nne 3-0, ya tano 2-0. Yaani 7-0 kwa vipindi vitatu vya kwanza!! Ile ya nne walirudisha wakashinda 5-4 ekstra taimu goli la Draisaitl, nyota wetu mwingine, ikawa goli lake la nne la ekstra taimu kwenye mtoano huu mmoja na hakuna mtu aliyewahi kufikisha hivyo, lakini huwezi kila siku kuanza umefungwa matatu halafu ukategemea kurudi, hasa kwa timu inayojua kulinda kama Florida. Na sababu ya kuanza vibaya ni ileile, Florida wanakabia juu, wakiipeleka ile paki (kile kisahani cha mpira kinachochezewa) nyuma ya goli la Edmonton wanaifuata watu wawili kwa kasi, beki anabanwa ukutani anatoa pasi ya hofu, au anamfanyia mtu faulo anakaa nje dakika 2 timu inabaki pungufu. Magoli mawili ya Tkachuk wa Florida mechi ya nne yote yalikuja Edmonton wakiwa pungufu.

Kwahiyo mimi nasema hivi, wakimaliza kipindi cha kwanza leo hawajafungwa, hata ikiwa 0-0, tunarudi Edmonton. Wakifungwa mawili tena basi. Nyie mnaonaje? Na kuna mtu yeyote Moshi au Arusha atakuwa macho saa tisa?

Kijenge_Juu (Arusha)

Mkuu heshima kwako, hiyo habari ya Stella Point imenigusa. Ila mimi niko upande wa pili na nitakuambia ukweli, hata wakianza vizuri bado naiona Florida.

Kipindi cha kwanza ni dalili, ugonjwa wenyewe uko kwenye kikosi. Edmonton inabebwa na watu wawili, McDavid na Draisaitl, na ni kweli hakuna timu nyingine yenye wawili kama hao, lakini hoki mtu anakaa kwenye barafu sekunde 45 hivi anatoka kupumzika, sasa hao wawili wakitoka nani anaingia? Kwa Florida wakitoka Barkov na Reinhart anaingia Bennett na Tkachuk, wakitoka hao anaingia Marchand na Lundell na Luostarinen, hicho ni kikundi cha tatu na ndicho kinachowaua. Marchand ana miaka 37, kaletwa mwezi wa tatu tu kutoka Boston, kwenye fainali hii peke yake ana magoli 6, mechi ya tatu kafunga hata dakika haijaisha. Jamaa alishabeba kombe na Boston 2011, presha ya fainali haimpi shida.

Afu hii ni fainali ya tatu mfululizo kwa Florida, 2023 walifungwa na Vegas, mwaka jana wakachukua. Wanajua namna ya kumaliza. Na golini kuna Bobrovsky. Nyie mnaingia mechi ya sita hata hamjui kipa ni Skinner au Pickard, hiyo ni hali ya kwenda kufunga timu kama hii?

Nasema 4-1 Florida. Samahani kaka.

Dada_Njiro

Mimi nasoma tu kwa sababu ya hadithi ya mlima, hoki sijawahi kuangalia, naomba kueleweshwa. Hao wachezaji wanatoka na kuingia mechi ikiendelea au refa anasimamisha? Na zikitoka sare wanapiga penati?

MgumuWaMachame

@Dada_Njiro asante dada kwa kuuliza. Wanabadilishana mechi ikiendelea, wanaruka ule ukuta mfupi wa benchi mmoja anaingia mwingine anatoka, refa hasimamishi ila wakizidi watu ndani wanaadhibiwa. Uwanjani kila timu watu sita pamoja na kipa. Sare kwenye mtoano hakuna penati, ni ekstra taimu ya dakika 20 na goli la kwanza linamaliza, lisipopatikana 20 nyingine, hata ifike asubuhi. Mwaka 1936 Detroit na Montreal Maroons walifika ekstra taimu ya sita. Fainali hii mechi ya pili ilienda ekstra taimu mbili, Marchand akatumaliza 5-4, siku hiyo nilienda kazini bila kulala.

@Kijenge_Juu kikosi nakubali, na mshambuliaji wetu Hyman kuumia mkono kwenye mechi dhidi ya Dallas kumetuumiza kuliko watu wanavyosema maana yule ndiye anayegombania mbele ya goli. Ila usisahau hii timu ilianza mtoano kwa kufungwa mbili za kwanza na Los Angeles ikashinda nne mfululizo. Kurudi wanajua. Ninachoomba leo wasilazimike kurudi.

NamangaRoad (Arusha)

Nimefurahi kuona uzi huu wakuu. Mimi nilifanya kazi Nairobi miaka kadhaa, pale hoteli ya Panari barabara ya Mombasa kuna kiwanja cha barafu, kidogo kuliko cha kawaida, na ndipo timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions, ilipokulia. Niliingia mara ya kwanza kwa kusindikiza mtoto wa ndugu yangu, nikavaa viatu vile nikashika ukuta dakika kumi nzima. Halafu nikawaona vijana wa Kenya wanapita kasi, wanageuka, wanasimama ghafla barafu inaruka, watoto wa hapa hapa kwetu waliokua kwenye jua. Mwaka 2018 walienda mpaka Kanada wakacheza na Crosby na MacKinnon, nyota wakubwa wa NHL, wakiwa timu moja nao. Toka hapo nikaacha kusema huu mchezo sio wetu.

Kuhusu leo, mimi moyo wangu uko kwa Corey Perry wa Edmonton. Ana miaka 40. Kombe alichukua 2007 na Anaheim, halafu angalieni: 2020 kafungwa fainali akiwa Dallas, 2021 akiwa Montreal, 2022 akiwa Tampa, 2024 akiwa Edmonton. Timu nne tofauti. Na bado ndiye aliyesawazisha mechi ya pili zimebaki sekunde 18 hivi, na juzi kafunga tena. Mtu wa namna hiyo ukimuona anaingia uwanjani unakaa vizuri kwenye kiti. Natabiri 3-2 Edmonton, nitakuwa macho, bando nimeshaweka.

Dada_Njiro, usiku

Nimeamka kunyonyesha nikakumbuka huu uzi nikaingia kuangalia matokeo. Kipindi cha kwanza kimeisha Florida 2-0. Kaka wa Moshi pole, ni vilevile ulivyosema jioni.

NamangaRoad

Nilikuwa naangalia dada. Reinhart alifunga mapema, sawa, ukasema moja hilo linarudi. La Tkachuk limeingia dakika ya mwisho ya kipindi wakati kila mtu anawaza mapumziko. Hilo ndilo limewavunja, wameingia chumbani vichwa chini.

MgumuWaMachame, Jumatano asubuhi

Imeisha wakuu. 5-1. Reinhart kafunga manne, mawili ya mwisho goli likiwa wazi baada ya Edmonton kumtoa kipa waongeze mshambuliaji zikiwa zimebaki dakika 7 hivi. Kocha ilibidi ajaribu, simlaumu. Skinner naye simlaumu, ndiye aliyeanza. Ukijumlisha na ya jana vipindi vya kwanza vinne vimekuwa 9-0 na kwa hesabu hiyo hata McDavid na Draisaitl wawe wanne hawatoshi.

@Kijenge_Juu ulisema 4-1, hongera, umeona mbali kuliko mimi. Mchezaji bora wa mtoano wamempa Bennett na ni haki yake.

Niliangalia mpaka mwisho kabisa ile foleni ya kushikana mikono, kila mchezaji anampa mkono kila mmoja wa timu nyingine, ndevu zimejaa maana mtoano hawanyoi. Perry alipopita wa Florida wakawa wanamshikilia, wanamwambia kitu sikioni. Fainali tano amefungwa kwa miaka sita. Hapo ndipo nilipozima simu.

Nimemwandikia yule mgeni wangu pole, kwao ilikuwa bado usiku, amejibu hapohapo na picha ya uwanja wa nyuma ya nyumba yao, sasa hivi ni majani tu, kijani. Ameandika kwamba wakija tena watapanda na baba yao.

Kesho kutwa naingia geti la Londorossi na kundi la watu nane, mtandao kule ni wa kubahatisha kwahiyo mkiniuliza kitu nitajibu nikishuka. Msimu mpya unaanza Oktoba. Nitafungua uzi mimi mwenyewe.