Geuza ua kwanza

Baba: [Picha] Shangazi yao, si ulisema mbegu hizi ni za zambarau? Leo limechanua bluu tupu.

Shangazi: Nilikupa za ule unaotambaa dirishani kwangu. Labda udongo wako.

Kaka: Bluu, zambarau, yote yaleyale. Mchana ua likinyauka linakuwa pinki.

Dada: Jani la Baba lina ncha tatu, la Shangazi umbo la moyo. Si mmea mmoja huo.

Mimi: Shikamooni. Jani linadanganya jamani, shina moja linaweza kubeba yote mawili. Rangi ndiyo usiseme. Baba, hebu geuza ua upige picha mgongoni, nione sepali.

Baba: Marahaba. Sepali ndiyo mdudu gani?

Mimi: Vile vijani vitano vinavyolishika ua kwa nyuma.

Baba: [Picha] Virefu, vinaishia kama mkia wa panya. Huku chini vina vinywele vigumu, vinakwaruza kidole.

Mimi: Mikia imenyooka au imejikunja kwa nje?

Baba: Imenyooka.

Mimi: Basi hiyo ni Ipomoea nil, aina mojawapo ya hii mimea ya maua inayotambaa, Ipomoea. Ingejikunja, na ua liwe dogo, ningesema hederacea, aina nyingine. Shangazi, nawe tupe mgongo.

Shangazi: Wangu au wa ua? 😂 Vyangu vifupi, nimepima, sentimita moja na kidogo. Ncha ipo, mkia hakuna. Vinywele navyo vipo.

Mimi: Purpurea hiyo. Ni ndugu, si pacha.

Kaka: Mmea wangu hauna unywele hata mmoja, si kwenye shina wala nyuma ya ua.

Mimi: Pengine tricolor. Subiri tunda likauke ulipasue: vyumba viwili, mbegu zisizidi 4. Ya Baba na Shangazi yana vyumba vitatu, mbegu hadi 6. Na watoto wasizitafune, zina sumu.

Shangazi: Sasa bluu ya baba yenu imetoka wapi? Au ni ule uliofunika uzio wa Bibi?

Mimi: Huo niliukagua likizo. Vinywele vyake laini, vimelala, na maua yanakaa kwa vishada. Ni indica. Huo mbegu ni nadra, unaenea kwa mashina yanayoota mizizi yakigusa ardhi. Mimi sijawahi kuona tunda pale.

Dada: Kumbe! Ndiyo maana tunaukata kila mwaka na haukomi.

Bibi: Nimewasoma wote. Kile kikopo cha mbegu Shangazi yenu alikisahau kwangu kabla ya kumpelekea kaka yake. Nikaona kina nafasi, nikatia na zile nilizopewa na jirani.

Shangazi: Mama!!

Bibi: Kwani si maua?

Baba: Mama, jirani alikupa za rangi ngapi?

Bibi: Sikuuliza.

Baba: [Picha] Maana kuna lingine hapa pembeni, jeupe. Ngoja niligeuze.