Jike mweusi, dume mweupe, watoto wote sita rangi ya porini. Nipangeje uzazi?

Mama Vizimba, Mikindani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nafuga sungura hapa Mikindani, vizimba vitano nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Nina jike mweusi tii, hana unywele mweupe hata mmoja. Nilimpandisha kwa dume mweupe mwenye macho mekundu niliyemnunua Masasi, nikitegemea watoto weusi na weupe, au wenye mabaka. Kazaa sita. Manyoya yalipoanza kuota, wote sita wakawa kijivu cha hudhurungi na tumbo jeupe, kama sungura wa porini kabisa.

Jirani anasema jike wangu alitoka usiku akakutana na wa porini. Shemeji anasema niliuziwa dume wa mchanganyiko. Mimi ninayemtafuta ni sungura wa rangi ya moshi, yule wa kijivu kilichoelekea bluu mwili mzima, kuna mteja Mtwara mjini ananiulizia kila wiki. Nipange vipi nimpate? Na hawa sita nawaza kuwapeleka sokoni Jumamosi wote.

Mzee wa Newala

Marahaba mama. Usiwapeleke, hasa majike.

Kwanza la jirani. Sungura wetu wa porini ni mnyama mwingine, ana kromosomu 48 na wa kufugwa ana 44, hawazaliani. Ushahidi unao mwenyewe: mtoto wa porini huzaliwa na manyoya yake na macho wazi. Wako kama walizaliwa uchi, macho yamefumba, hao ni wa vizimbani baba na mama.

Sasa la dume. Weupe wa macho mekundu usiuhesabu kuwa ni rangi, ni pazia. Sungura yule ana rangi yake kamili kwenye vinasaba, ila amerithi kwa baba na kwa mama kinasaba kinachozuia rangi isitoke, ndiyo maana hata machoni unaona wekundu wa damu tu. Nyuma ya pazia anaweza kuwa mweusi, bluu (ndiyo hiyo rangi ya moshi), wa rangi ya porini, yeyote. Dume wako ana rangi ya porini. Jike amempa kila mtoto uwezo wa kutoa rangi, pazia likafunguka, na rangi ya porini huushinda weusi mtupu. Dume angekuwa amebeba weusi upande mmoja, kupata sita bila mweusi hata mmoja ingekuwa bahati ya 1 kati ya 64. Na kwa kuwa hakutoka mweupe, inaelekea jike wako hana pazia hilo hata kwa kulibeba.

Mshike mmoja, mpulizie taratibu mgongoni manyoya yafunguke kama ua. Utaona pete: karibu na ngozi kijivu cha risasi, katikati rangi ya chungwa iliyopauka, ncha nyeusi. Halafu mpulizie mama yao. Hapo hakuna pete, ni weusi unaofifia kidogo kadiri unavyoshuka kwenye ngozi. Ukishaijua pete hiyo, sokoni hakuna wa kukuchanganya.

Rangi ya moshi ni weusi uliofifishwa. Kinasaba cha kufifisha hujificha, lazima kitoke pande zote mbili ndipo kionekane. Tafuta dume bluu wa rangi moja, hata tumboni, asiye ndugu wa hao ulio nao. Mpandishe huyo jike mweusi. Kama jike amebeba bluu, karibu nusu ya watoto watatoka bluu hapo hapo. Wakitoka wanane weusi watupu, jua hana, kwa kuwa angekuwa nayo jambo hilo lingetokea mara 1 katika 256. Usivunjike moyo, maana kila mmoja wa hao weusi amebeba bluu ndani yake. Majike yakifika miezi mitano au sita, yapandishe kwa dume bluu mwingine, na nusu ya watoto kwa wastani watakuwa bluu. Mimba ni siku 31, kwa hiyo hesabu miezi minane hivi tangu upandisho wa kwanza. Kumrudisha binti kwa baba yake inawezekana, lakini dume wa pili ni bora.

Kwa nini ubaki na hao wa rangi ya porini? Mimi nilipoanza niliyaona majike ya namna hiyo yameharibika, nikayauza kwa bei ya nyama. Mmoja alikwenda kuzaa bluu wawili kwa aliyemnunua. Nilikuwa nimewatafuta mwaka mzima, kumbe walikuwa kwenye kizimba changu. Sikuwa na daftari, sikujua hata mama yao ni yupi. Iliniuma sana. Baba wa hao wako hujui pazia lake limeficha nini kingine, na mabinti zake ndio watakaokuonyesha.

Tena pandisha kabla joto la Novemba na Desemba halijakolea huko pwani. Huku juu tuna upepo, lakini kwenu dume akipigwa na joto kali anapanda na jike hashiki, wiki nyingi.

Kijana wa Nachingwea

Mzee shikamoo. Nina dume bluu, mama anaweza kuja kumwona. Swali langu: nina wa madoadoa, dume na jike wote wana madoa mazuri. Kila uzao anatoka mmoja au wawili weupe wenye alama kidogo tu puani na masikioni, wanakonda, choo hakieleweki, wengine wanakufa. Ni dawa gani?

Mzee wa Newala

Marahaba. Hapo tatizo ni upandisho, dawa haitawaponya. Kinasaba cha madoa kikiwa kimoja kinatoa madoa mazuri. Kikitoka kwa baba na mama, mtoto anakuwa karibu mweupe wote na utumbo mpana haufanyi kazi sawasawa. Ukipandisha madoa kwa madoa, robo watakuwa hao. Pandisha wa madoa kwa wa rangi moja: nusu wanatoka na madoa, nusu rangi moja, na hakuna atakayeteseka. Wanyama hawa wanaumia, naomba uache mara moja.

Dada wa Tandahimba

Niongeze kidogo: kuanzia Juni watu wakipuliza salfa kwenye mikorosho, msikate majani chini ya mikorosho wala kando yake. Mimi nawapa matembele na majani ya pembeni ya nyumba tu mpaka msimu wa kupuliza upite.

Mama Vizimba, Mikindani

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimewapulizia wote sita kwa tochi ya simu, pete zipo, na mama yao hana. Walizaliwa uchi, macho yamefumba, nimemweleza jirani amekubali. Majike ni matatu, yanabaki. Nimenunua daftari, na kwenye kila kizimba nimefunga kibao cha boksi: baba, mama, tarehe.

Kijana wa Nachingwea, kabla sijapanda gari naomba unitumie picha ya tumbo la huyo dume, na nyingine umempulizia mgongoni.