Fyuzi ilikuungulia wapi mpaka ukachanganyikiwa? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Mlimani
Wakuu, nimetoka kumwona jamaa foleni ya Ubungo, mvua inapiga, katoa mkono dirishani anafuta kioo kwa taulo. Wipa zimegoma. Nikasema moyoni, hiyo ni fyuzi tu. Wenye magari, nyie ilikukuteni wapi?

Kipara wa Iringa
Mlima Kitonga. Usiku. Mvua. Sitaki kukumbuka.

Dereva Mstaafu
Kitonga bila wipa? Pole sana mkuu.

Mama Wawili
Yangu ilikuwa kwenye pantoni jamani. Nimepanda Magogoni na IST yangu, nikapangwa mbele kabisa, nikaweka P, ile gia ya kupaki, nikazima. Tumefika Kigamboni, watembea kwa miguu wanamiminika, nawasha gari, linawaka vizuri tu. Nakanyaga breki, navuta gia, haitoki P. Nakanyaga mpaka kiuno kinauma. Wapi! Nyuma yangu kuna fuso la mchanga, bajaji kibao na mtu wa Noah hatoi mkono kwenye honi. Mfanyakazi wa pantoni anagonga kioo: "Dada, toa gari!" Nilitoe vipi? Na ile "wanawake na magari" ikaanza.

Akaja kijana wa bodaboda, akaniambia nikanyage breki, akazunguka nyuma. Akarudi: "Dada, taa za breki haziwaki. Fyuzi ya STOP imeungua, gari halijui kama umekanyaga breki." Pembeni ya gia kuna kifuniko kidogo cha plastiki kama ukucha wa kidole gumba. Akakibandua kwa ncha ya ufunguo, akabonyeza ndani, mimi navuta gia. Ikashuka! Nikatoka pale mikono inatetemeka, nikapaki hapo hapo juu maana sikuwa na taa za breki na fuso liko mgongoni. Tukafungua boksi la fyuzi chini ya dashibodi, akang'oa kidude chekundu cha ampea 10. Ukikiweka kwenye mwanga unaona kiwaya cha katikati kimekatika, plastiki ina weusi. Akachomeka kipya alichokuwa nacho kwenye pochi.

Chachandu
Tuache fyuzi kwanza. Huyo kijana mlipeana namba?

Mama Wawili
Nina mume kaka. Nilimpa elfu tano na asante.

Kipara wa Iringa
Elfu tano kwa kuokoa pantoni nzima? Ungempa hata ya wese.

Fundi Bila Gereji
Mnahangaika bure. Mimi nachukua kiwaya cha chaja mbovu, nazungushia kwenye hiyo hiyo iliyoungua, safari inaendelea. Miaka nenda rudi.

Umeme Mdogo
Ninyi ndio mnaochoma magari ya watu. Fyuzi inakatika ili waya usiungue. Ukiweka kiwaya chako, shoti ikitokea wa kuungua ni waya uliofichwa ndani ya dashibodi. Nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Imekatika bluu, rudisha bluu.

Fundi Bila Gereji
Usomi mwingi, gari umeazima.

Chachandu
Mimi nachomeka kijani kila mahali, haikatiki tena 😂

Umeme Mdogo
Ni kweli, itakayofuata ni gari.

Dereva Mstaafu
Acheni ugomvi vijana. Ukikosa spea barabarani, chomoa ya honi uazime, mradi namba ifanane.

Mgosi wa Mlimani
Mzee, Dar bila honi? Si bora nitembee kwa miguu. Azima ya redio.

Baba Neema
Yangu kila nikibadilisha inaungua tena. Fundi mmoja akasema ni altaneta, mwingine akataka kushusha dashibodi nzima. Kumbe binti yangu kachomeka pini ya nywele kwenye tundu la kuchajia simu, imezama huko ndani. Ikikatika mara ya pili msiendelee kubadilisha, tafuteni shoti. Na zimeni gari kabla ya kuichomoa.

Mama Wawili
Aisee, pini! Naenda kuangalia langu.

Mgeni Jijini
Samahani wakuu, kifuniko cha boksi langu ni Kijapani kitupu na vioo vya madirisha havipandi. Ya madirisha ni ipi?

Umeme Mdogo
Weka picha, useme na gari ni gani.